Nimepima UKIMWI mara tano, vipimo vinasema sina, mwenyewe naamini ninao

Shangazi shikamoo,

Naomba usiandike jina langu wala kampuni ninayoendeshea maana sisi wa malori tunajuana, stori ikitoka Mlandizi asubuhi jioni iko Tunduma. Nina miaka 31, naendesha semi, napeleka mzigo Zambia na mara mojamoja Lubumbashi. Nyumbani ni Mbagala, nina mke na mtoto mmoja wa miaka minne na saivi mke wangu ana mimba ya miezi sita.

Shangazi mimi sio mtu wa mambo hayo. Najua kila mtu anasema hivo lakini miaka sita niko barabarani na wenzangu wananiita padri. Sasa hiyo tripu tulikaa Tunduma siku nne, foleni haisogei, makaratasi ya mzigo yana kasoro, bosi hapokei simu, na mimi nimegombana na mke wangu kwenye simu kuhusu hela ya kodi ya nyumba. Siku ya tatu utingo wangu akanitoa tukaenda baa moja tukanywa, sikulewa sana ila nilichangamka, na hapo ndo nikaondoka na dada mmoja tukaenda gesti.

Nikueleze kama ilivyokuwa maana nimechoka kuficha. Nilimwambia namwongezea elfu kumi tusitumie kinga. Akakataa. Nikapandisha ishirini, akaniambia kaka kama hutaki ndomu chukua hela yako uende, akafungua pochi akatoa ya kwake akanivalisha mwenyewe. Tukafanya mara moja, haikupasuka, haikuchomoka, nilipomaliza nikaenda bafuni nikaijaza maji bombani kama nilivyowahi kusikia, haikuvuja hata tone. Nikajua yameisha.

Tatizo likaanza nikiwa naoga. Nikakuta pale chini kwenye shina ambapo kondomu haifiki pameloana majimaji yake, na mimi siku mbili nyuma nilikuwa nimenyoa nikatoka vipele, kimoja kilikuwa kimetumbuka. Shangazi moyo ulifanya paa. Tangu dakika ile sijakaa sawa.

Siku ya 5 nikapima Makambako, mstari mmoja, nesi akasema bado mapema sana urudi. Siku ya 12 homa kali ikanishika niko Morogoro, viungo vyote vinauma nikasema hii ndo yenyewe, wakapima malaria wakaikuta, nikanywa mseto nikapona ila kichwani najiambia labda malaria imekutana na kile kingine. Siku ya 14 nikapima Dar, mstari mmoja. Siku ya 29 mstari mmoja. Siku ya 46 nikaenda hospitali nyingine kabisa nikatoa jina la uongo, nilidhani wale wa mwanzo vipimo vyao vimeisha muda, mstari mmoja. Siku ya 60 nikatumia kile cha kujipima mwenyewe kwa mate, kilikaa kwenye dashibodi siku tatu hivi kwa sababu niliogopa kukifungua. Usiku kikasoma mstari mmoja. Asubuhi nikakitoa kwenye ndoo ya taka nikakimulika na tochi ya simu nikaona kama kuna kivuli cha mstari wa pili. Leo ni siku ya 67.

Ulimi una utando mweupe. Nimetoka kilo 78 hadi 73. Tezi za shingo nazisikia, nazibonyeza kila saa mpaka zinauma, usiku natoka jasho. Kwenye simu nimesoma dalili zote na kila nikisoma moja kesho yake ninayo. Wiki iliyopita nashuka mlima Kitonga na mzigo mzito nyuma, mkono mmoja uko shingoni, simu nimeiegesha kwenye usukani nasoma mambo ya tezi, kushtuka nimeingia upande wa basi linalopanda. Dereva wa basi alinitukana matusi ambayo nilistahili.

Mke wangu alianza kliniki mimi nikiwa safari, akapimwa yuko salama, wakamwambia aje na mwenza. Nimeshampiga chenga mara mbili. Tarehe yake nyingine ni Jumanne ijayo. Tangu nirudi nimelala naye mara moja tu, wiki ya tatu, niliona nikizidi kukataa atashtuka, nilipomaliza nikaenda kukaa chooni nikalia. Sasa hivi namkwepa namwambia naonea huruma mimba, na yeye anadhani nina mwanamke.

Kuna kijana wa duka la dawa ananiambia anazo zile dawa za siku 28 za kuzuia, laki na nusu, nimeshaanza kukusanya. Utingo ananicheka eti kaka umekanyaga waya kubali tu. Na yule malaya alikuwa mwembamba Shangazi. Sasa ninunue dawa? Nikapime wapi ambako hawakosei? Na mke nimwambie?

Dereva, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili na kalamu mkononi, maana umeuliza maswali matatu na lile ulilotakiwa kuuliza hujaligusa kabisa. Nitafika huko.

Tuanze na hela kwa sababu ndo inayoweza kuondoka leo. Hiyo laki na nusu peleka kwenye kodi mliyogombania. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zipo kweli na zinafanya kazi, lakini zinaanzwa ndani ya saa 72, yaani siku tatu, na ukiwahi zaidi ndo bora, afu unazimeza siku 28. We uko siku ya 67. Na hata ungekimbilia kituo cha afya asubuhi ileile ukamweleza daktari kwamba kondomu haikupasuka wala kuchomoka, asingekuandikia. Pia hizo ni ARV, serikali inazitoa bure, sasa kijana anayeziuza kwenye kabati lake jiulize amezipata wapi. Kibaya zaidi ukizimeza kienyeji zinaweza kuchelewesha kipimo kuonyesha majibu, kwaiyo wewe ambaye tayari huviamini vipimo ungekuwa umenunua wasiwasi mwingine wa miezi kadhaa kwa hela yako mwenyewe.

Majimaji na kipele. Kirusi cha UKIMWI hakipenyi mpira wa kondomu, na hakipenyi ngozi nzima. Kwa mwanaume kinaingilia tundu la mkojo, ngozi laini ya kichwa cha uume na ile ya ndani ya govi kwa asiyetahiriwa, au kwenye kidonda kibichi kinachotoka damu. Sehemu hizo zote zilikuwa ndani ya mpira isipokuwa kile kipele chako ambacho kilitumbuka na kuanza kukauka. Nimekaa chumba cha ushauri nasaha miaka mingi, nimechoma vidole vya watu wa kila aina, sijawahi kupokea mtu aliyeupata kwa kipele cha wembe huku kondomu ikiwa nzima. Kondomu ikifeli haifeli kwa siri, inapasuka na unaiona, au inateleza inabaki ndani. Yako uliijaza maji ukaikagua kama fundi wa tyubu. (Wengine mnaosoma, mafuta ya nazi na Vaseline yanaharibu mpira ule, msipake.)

Sikwambii barabara yako haina ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima Tanzania wana virusi, na mkoa wa Njombe, iliko hiyo Makambako ulipopima siku ya 5, ilikuwa asilimia 12.7, ya kwanza nchini. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa kwa wanaotumia dawa, zaidi ya asilimia 90 virusi vyao vimefubazwa, na mtu ambaye virusi vimefubazwa mpaka havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, hilo limefuatiliwa kwa wapenzi wengi kwa miaka na halina ubishi tena. Na kwa kuwa unaonekana mtu wa kuhesabu, hata bila kondomu kabisa, na mwanamke mwenye virusi asiye kwenye dawa, makadirio ya Wamarekani kwa mwanaume ni kama maambukizi 4 katika matendo 10,000. Namba hiyo usiigeuze leseni, vidonda na magonjwa mengine ya zinaa vinaipandisha, na wapo walioupata siku moja tu. Nimeitaja uone mwenyewe umesimama wapi, na wewe ulivaa.

Kwenye vipimo vyako vitano mimi nahesabu viwili. Cha siku ya 5 na ya 14 ulijichosha bure maana kile cha kidole kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza kupambana na kirusi, na hao kwa watu wengi wanaanza kuonekana kuanzia wiki ya tatu na kuendelea, mwisho miezi mitatu. Cha siku ya 29 kina uzito wake, cha 46 kina uzito mkubwa, na cha miezi mitatu kinafunga faili. Hicho cha mate ulikihifadhi kwenye dashibodi ya lori juani siku tatu wakati hakitakiwi kupita nyuzi joto 30, na kinasomwa kati ya dakika 20 na 40, sasa wewe umekisoma asubuhi kwenye ndoo ya taka kwa tochi. Vivuli vya asubuhi havina maana yoyote. Halafu unaniuliza hospitali ambako hawakosei! Vitepe vya kidole kwenye vituo vya serikali karibu vyote vinatoka Bohari ya Dawa, ukitembea hospitali kumi utachomwa na kitu kilekile.

Dalili nazipitia harakaharaka kwa sababu kila nitakayoieleza utaitafutia kasoro. Homa ilikuwa malaria, ilionekana kwenye kipimo na ikaondoka kwa mseto. Ulimi mweupe na kukonda kwa UKIMWI kwa kawaida ni mambo ya mtu aliyekaa na virusi muda mrefu bila dawa mpaka kinga imeshuka, sio ya miezi miwili. Kilo tano zimeondoka kwa sababu huli. Na tezi, mwanangu, bonyeza hata goti lako kila saa kwa wiki mbili litavimba.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni Kitonga. Hapo ndo nilishika kalamu. Umeogopa kifo ambacho vipimo vimekukatalia mara tano, na katika kukiogopa ukakaribia kuleta kingine, na basi zima la watu wasiojua hata jina lako. Kuanzia tripu inayofuata simu inakaa kwa utingo ukiwa unaendesha, na huyo utingo mwambie nimesema utani wa waya aache. Shingo usiiguse. Usitafute dalili yoyote kwenye simu, hata ile ya kujihakikishia, maana hiyo ya kujihakikishia ndo inayokurudisha, unatulia nusu saa afu unataka nyingine, sawa na mtu anayekunywa pombe kutoa hangova. Ukipima kipimo cha miezi mitatu na bado huamini, basi hapo unaumwa kweli, unaumwa wasiwasi, na huo unatibiwa. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, unakwenda unasema silali na siamini majibu yangu, hutaonekana kichaa.

Sasa kuhusu huyo uliyemwita malaya. Rudia kusoma barua yako. Aliyeweka elfu ishirini mezani ili watu wawili wasivae ni wewe. Aliyekataa, akatoa kondomu kwenye pochi yake na kukuvalisha ni yeye. Unasema alikuwa mwembamba, na mimi nimewapa majibu mabaya wanene na kuwaaga wembamba wakiwa salama. Wanawake wanaofanya kazi ile wapo wanaopima mara nyingi kuliko wewe na mimi, wapo walio kwenye dawa kinga zile zinazomezwa kabla ya tendo, na yule inaonekana hela ya mtu mmoja haimfanyi asahau kesho ana kazi. Nadhani na wewe unalijua hilo, na ndo maana hulali. Ungekuwa unaogopa kondomu imevuja tu, kile kipimo cha maji bombani kingekutosha. Unaogopa yule uliyekuwa dakika mbili kabla hajafungua pochi, na huyo hakuna kitepe kinachompima, hata ukichomwa vidole vyote kumi.

Nije kwenye swali ambalo hukuuliza. Siku 67 unaulinda mlango mmoja, na kuna mwingine hujautazama. Kaswende. Kondomu inasaidia sana kwa kisonono na klamidia, kwa kaswende na malengelenge inasaidia pia ila sio kamili, kwa sababu kidonda kinaweza kuwa pale mpira usipofika, palepale chini kwenye shina ulikopakuta pameloana. Kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi, kinaweza kutokea wiki ya tatu hivi au kuchelewa hadi miezi mitatu, kinakauka chenyewe na mtu anasahau. Uwezekano kwako ni mdogo, sitaki uanze kujimulika na tochi tena. Lakini wewe wiki ya tatu ulilala na mwenye mimba, na kaswende kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba, mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa na ugonjwa. Kipimo chake ni damu kidogo, dawa yake ni sindano ya penisilini ya miaka nenda rudi, ya bei ndogo na inatibu. Mpaka majibu hayo yatoke usilale na mkeo bila kinga.

Ndo maana Jumanne unakwenda. Mkeo alipimwa kabla, na wajawazito wanarudiwa kupimwa miezi ya mwisho kwa sababu mama akiupata akiwa na mimba virusi vinakuwa vingi na mtoto yuko hatarini zaidi. Pale mtapimwa wote wawili virusi na kaswende kwa mkupuo mmoja. Kwa kuwa utakuwa bado hujafika siku ya 90, mwambie nesi ukiwa peke yako kwamba una kipimo cha kumalizia, atakuandikia tarehe, unakwenda siku hiyo moja, hicho kitakuwa cha saba na hakuna cha nane.

Kumwambia mke. Hapa wapo watakaonipinga. Kaswende ikionekana, unamwambia siku hiyohiyo, mnachomwa wote, huna njia nyingine na usiitafute. Isipoonekana, mimi sikulazimishi umwage kila kitu kwa mwanamke wa miezi sita ili wewe upate usingizi na yeye akose wake. Ila uongo wa huruma ya mimba uache. Anahisi kuna mwanamke na hajakosea sana. Mwambie ukweli unaoweza kuusimamia: kwamba miezi miwili hii hujawa sawa, umekuwa na hofu ya afya yako, umeogopa kupima naye, na sasa uko tayari. Akiuliza zaidi ya hapo usimdanganye. Akiuliza, ameuliza kwa sababu anataka kujua.

Jumanne fikeni saa moja asubuhi. Mama akija na mwenza wake vituo vingi vinampitisha mbele ya foleni, na mkeo mara mbili ameshakaa benchi lile peke yake akiangalia wenzake wakiitwa.